Injini ya Nitro Yagoma Buhinyuza: Tusikimbilie Bisibisi

Miongoni mwa vyombo ambavyo binadamu amevibuni kwa ajili ya mchezo, vichache mno hudai nidhamu ya kifundi kama lori dogo linaloongozwa kwa redio na kusukumwa na injini ya nitro. Lori lenyewe hubebeka kwapani. Injini yake ni ndogo kuliko ngumi ya mtu mzima, na nafasi iliyomo ndani ya silinda aghalabu ni sentimita za ujazo 2.5 hadi 3.5, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Hata hivyo injini hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika moja, ilhali injini ya dizeli ya lori la jeshi kwa kawaida huzunguka chini ya mara 3,000. Chombo cha mwendo wa namna hiyo hakisamehe uzembe, wala hakivumilii fundi anayebahatisha.

Yamkini msomaji atauliza jambo la mchezo limepata wapi nafasi katika ukurasa wa askari na polisi. Historia ya mitambo hii midogo imefungamana na historia ya majeshi tangu zamani. Reginald Denny, Mwingereza aliyetumikia kikosi cha anga katika Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akawa mwigizaji wa sinema huko Hollywood, alikuwa na duka la ndege ndogo za mchezo. Kutokana na shauku hiyo ilizaliwa kampuni ya Radioplane, ambayo ndege zake ndogo zisizo na rubani, zilizoongozwa kwa redio na kusukumwa na injini za mapigo mawili, ziliundwa kwa maelfu katika Vita Kuu ya Pili ili wapiga mizinga ya kutungulia ndege wapate shabaha ya kujifunzia. Na hivi karibuni zaidi, mwaka 2011 nchini Afghanistan, lori dogo la kuchezea ambalo askari mmoja wa Marekani alikuwa ametumiwa na ndugu yake, likiwa limefungwa kamera, lilitangulizwa barabarani likagusa waya wa bomu lililotegwa. Lori liliteketea, askari sita waliokuwa wakilifuata walibaki hai. Wapiganaji wa Burundi, ambao kikosi chao cha kwanza kiliingia Mogadishu mwezi Desemba 2007, hawahitaji kuelezwa na sisi maana ya bomu la barabarani.

Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Kila askari aliyepita chuoni anakumbuka alivyofundishwa kuishughulikia bunduki iliyokwama. Hakufundishwa kuitikisa, kuipiga chini au kuifungua ovyo. Alifundishwa hatua, moja baada ya nyingine, na akakatazwa kuruka hata moja. Injini ya nitro nayo ni hivyo hivyo, na kisa tulichokishuhudia Buhinyuza kinaonyesha gharama ya kuziruka hatua.

LORI LAPANDA MLIMA

Jina la Buhinyuza linapatikana Gitega na Muyinga; sisi tunaizungumzia ile ya Muyinga, nchi ya milima na kahawa upande wa kaskazini-mashariki mwa Burundi, isiyo mbali na hifadhi ya Ruvubu. Tulipopita huko kwa shughuli za kazi, tulimkuta sajini mmoja mstaafu aliyekuwa amenunua lori la nitro Dar es Salaam, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Alilileta kwa njia ya barabara kupitia mpaka wa Kobero, pamoja na kopo la lita nne za mafuta yake maalumu. Alimkusudia mwanawe, kijana anayesomea ufundi, apate kitu cha kumfunza injini kwa mikono yake mwenyewe.

Huko Dar es Salaam, kando ya bahari, lori lilikuwa likiwaka kwa mvuto mmoja wa kamba na kukimbia kama swala. Lilipofika Buhinyuza likabadilika tabia. Liliwaka kwa taabu, likatoa moshi mzito, likakohoa, likazima. Jirani mwenye nia njema akashika bisibisi na kuzigeuza skrubu zote tatu za kabureta, huku na huku, bila kuhesabu. Hali ikawa mbaya zaidi. Akatokea mwingine aliyeshauri watie petroli, kwa hoja kwamba injini ni injini. Siku tuliyofika sisi, injini haikuwa ikitoa hata mlio, kamba ilikuwa ngumu kuvutika, na kopo lilikuwa limebaki na lita moja na nusu.

Hiyo lita moja na nusu ndiyo iliyokuwa hazina yote. Tangi la lori lile hushika mililita 125, kwa hiyo yalikuwa yamebaki matangi 12, na kila tangi huisha kwa muda wa dakika kumi hivi. Mafuta hayo hayauzwi Muyinga. Ndege za abiria haziruhusu yabebwe katika mizigo. Na kama pistoni na silinda vingeharibika, kijana angebaki na pambo la kuweka juu ya kabati, maana vipuri vyake navyo haviuzwi huko. Katika nchi ambayo wenye magari wameonja kwa miaka kadhaa uchungu wa kupanga foleni ya petroli, mtu haambiwi mara mbili thamani ya mafuta yanayomwagika bure.

Fundi wa pikipiki wa pale senta, mtu hodari katika kazi yake, aliitwa. Aliizungusha injini mkononi, akaichungulia kila upande, kisha akamwuliza sajini:

"Afande, koili yake iko wapi? Hii inapata wapi cheche?"

Swali hilo lilikuwa na akili kuliko yote yaliyofanywa hapo kabla.

MOTO USIO NA CHECHE

Injini ya nitro haina koili, haina sumaku ya umeme, wala haina cheche. Plagi yake ina uzi mwembamba wa madini ya platini uliosokotwa. Wakati wa kuwasha, uzi huo huunganishwa na betri ndogo ya volti 1.5 hadi uwe mwekundu kama kaa. Injini ikishashika, betri huondolewa, na uzi huendelea kuwa mwekundu wenyewe kwa sababu mbili: joto la mlipuko uliotangulia, na tabia ya platini ya kuchochea mvuke wa methanoli uungane na hewa na kutoa joto. Plagi ya namna hii iliingizwa sokoni na Mmarekani Ray Arden mwaka 1947, na tangu hapo wapenzi wa ndege ndogo wakaachana na mzigo wa koili na betri kubwa.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona mara moja kwa nini petroli haifai. Petroli haina urafiki huo na platini. Zaidi ya hapo, injini hii ya mapigo mawili haina mahali pa kuwekea oili. Kilainishi chake huja ndani ya mafuta yenyewe. Mafuta ya nitro ni mchanganyiko wa methanoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa, nitromethani, ambayo katika malori aghalabu ni asilimia 10 hadi 30, na oili ya nyonyo au ya kutengenezwa viwandani, ambayo kwa kawaida hukaribia asilimia 10. Anayetia petroli tupu anaizungusha injini ikiwa kavu, chuma juu ya chuma. Bahati njema ya sajini ni kwamba petroli ile iligoma kuwaka. Kama ingekubali, pistoni ingekwisha siku ile ile.

Jambo la pili lililomshangaza fundi ni ugumu wa pistoni. Katika injini hizi silinda imechongwa ikiwa nyembamba zaidi juu, ili ikipata joto na kutanuka ilingane sawasawa na pistoni. Kwa hiyo injini ikiwa baridi, pistoni hukaza ifikapo juu kabisa. Huko si kuharibika, bali ni dalili ya injini ambayo bado ina umri. Pistoni inayopita juu bila kukaza hata kidogo, injini ikiwa baridi, ndiyo iliyochoka. Hata hivyo kukaza kwa kawaida ni kitu kimoja, na kamba kukataa kabisa ni kitu kingine.

HATUA KWA HATUA

Tulikubaliana na sajini kwamba skrubu za kabureta zisiguswe hata kidogo mpaka mambo mengine yote yathibitishwe. Ndivyo inavyopasa. Anayeanza na skrubu, huku kosa liko katika plagi, huishia kuwa na makosa mawili: lile la plagi, na lile alilolitengeneza mwenyewe.

Kwanza plagi ikafunguliwa. Uzi wake ulikuwa umelowa, na ulipounganishwa na betri haukuwaka. Betri ikabadilishwa, maana mara nyingi plagi hulaumiwa ilhali betri ndiyo iliyochoka. Bado uzi ukawa mweusi. Plagi ilikuwa imekufa. Mgeni wa Dar es Salaam, Mungu ambariki, alikuwa ameacha plagi mbili za akiba katika sanduku. Mojawapo ikaunganishwa na betri, ikawaka wekundu wa kupendeza.

Kabla ya kuifunga, injini iligeuzwa kichwa chini na kamba ikavutwa mara kadhaa. Mafuta yakaruka kupitia tundu la plagi kama maji kutoka kwenye bomba lililopasuka. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ile kamba ngumu: injini ilikuwa imefurika, na kimiminika, kama askari wa uhandisi ajuavyo, hakibanwi. Laiti mtu mwenye nguvu angeilazimisha, mkono wa pistoni ungepinda. Ni vyema kila mwenye lori la nitro aliweke jambo hili moyoni: kamba ikikataa, usiishindanie, fungua plagi.

Kisha likaja tangi. Petroli yote ikamwagwa mahali salama, tangi na mipira yake vikasuuzwa kwa mafuta ya nitro kidogo. Hapo ndipo kijana wa sajini, aliyekuwa kimya wakati wote, akasema: "Baba, mpira huu umepasuka." Ulikuwa ni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye bomba la moshi kwenda juu ya tangi. Wengi hudhani mpira huo ni pambo. Kazi yake ni kupeleka msukumo wa moshi ndani ya tangi, ili mafuta yasukumwe kuelekea kabureta kwa nguvu isiyobadilika. Ukiwa na ufa, mafuta huja leo yasije kesho, na hakuna bisibisi duniani itakayotengeneza injini hiyo. Ufa ulikuwa karibu na ncha. Sehemu hiyo ikakatwa, mpira ukarudishwa.

Mwisho likafuata chujio la hewa. Ilikuwa majira ya kiangazi, ambayo nchini Burundi huanza kama mwezi Juni na kufika Septemba, na vumbi jekundu la barabara za Muyinga lilikuwa limeingia mpaka ndani ya mikunjo ya sponji. Sponji ikaoshwa, ikakaushwa, ikatiwa oili, ikakamuliwa. Vumbi likipenya hadi kwenye silinda hufanya kazi ya msasa, na katika injini inayozunguka mara 30,000 kwa dakika, msasa huo humaliza kazi yake kabla tangi moja halijaisha. Sisi tunathubutu kusema kwamba katika nchi zetu injini ndogo nyingi huuawa na vumbi kuliko zinavyouawa na mafundi.

HEWA YA MLIMANI

Baada ya hapo tu ndipo bisibisi iliporuhusiwa. Kijitabu cha mtengenezaji kilikuwepo, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na skrubu zote zikarudishwa kwenye hesabu iliyoandikwa humo. Huo ndio mwanzo pekee wa kuaminika pale mkono wa mtu unapokuwa umevuruga mambo.

Kabureta ya lori hili ina sehemu tatu za kurekebisha. Iko sindano kubwa, inayotawala mafuta injini iendapo kasi. Iko sindano ndogo, inayotawala mafuta katika mwendo wa chini na wakati wa kuongeza kasi. Na iko skrubu ya silensa, ambayo huzuia mlango wa hewa usifunge kabisa, ili injini ingurume taratibu lori likiwa limesimama. Ukikaza sindano kwa kuifuata njia ya mshale wa saa, mafuta hupungua, ukilegeza, huongezeka.

Injini ikawaka kwa mvuto wa nne. Watoto waliokuwa wamejaa uani wakapiga kelele, nasi tukawasogeza nyuma ya mstari uliochorwa chini, kwa sababu tutakayoieleza. Lakini lori lilikuwa lile lile la mwanzo: moshi mwingi, sauti ya kugugumia kama mtu mwenye maji kooni, na oili ikitiririka kwenye bomba. Safari hii kosa halikuwa la mtu yeyote. Lilikuwa la mlima.

Katika nchi hii ya milima ambayo mwinuko wake kwa sehemu kubwa unapita mita 1,400, hewa ni nyepesi. Katika mita 1,500 uzito wa hewa iliyomo katika chombo kile kile hupungua kwa kiasi cha asilimia 14 ukilinganisha na pwani. Sindano ya kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kupitisha mafuta kama vile bado iko Dar es Salaam, ilhali hewa ya kuyachoma imepungua. Matokeo yake ni mafuta yaliyozidi, na ndiyo maana lori lililokimbia ufukweni likakohoa Buhinyuza. Kwa hiyo dawa ni kukaza sindano, lakini ni dawa ya kupimwa kwa kijiko. Tuliufananisha mzunguko wa skrubu na uso wa saa, tukawa tunasogeza nafasi ya saa moja tu kila mara, yaani sehemu ya 12 ya mzunguko, kisha lori linakimbizwa mara mbili tatu kabla ya kugusa tena. Na tulianza na sindano kubwa, injini ikiwa tayari imepata moto. Anayerekebisha injini baridi anajidanganya.

Kadiri sindano ilivyokazwa, sauti ilisafika na kasi ikapanda. Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo vijana wengi huua injini zao. Sauti inayozidi kupanda ni tamu masikioni, na mtu hutamani kukaza tena, na tena. Lakini mafuta yakipungua mno, kilainishi nacho kimepungua, kwa kuwa vyote viwili husafiri pamoja. Moshi hupotea, injini hupiga kelele kali, na lori likiwa katikati ya mbio hulegea ghafla kana kwamba limeshikwa na mkono. Ukiona hivyo, punguza kasi mara moja na uilegeze sindano. Alama ya kutafutwa ni mstari mwembamba wa moshi wa buluu unaoonekana hata lori likiwa katika kasi ya mwisho. Moshi huo ndio ushahidi kwamba oili inafika.

Joto la kichwa cha injini linatakiwa liwe baina ya nyuzi 100 na 130 za Selsiasi. Hatukuwa na kipimo, tukatumia tone la maji. Tone likikaa tu juu ya kichwa bila kuchemka, injini ni baridi na mafuta yamezidi. Likiruka na kutoweka papo hapo, injini inaungua. Likichemka na kwisha baada ya nukta tatu hadi tano, hali ni njema. Kijana alilitia tone mwenyewe, akahesabu kwa sauti, akaishia nne.

Sindano ndogo ilipimwa kwa kuubana mpira wa mafuta kwa vidole, injini ikinguruma katika silensa. Injini iliyo sawa huendelea kwa nukta mbili hadi nne, mlio ukapanda kidogo, kisha ikazima. Ikizima mara tu unapobana, mafuta ya mwendo wa chini ni machache. Ikiendelea kwa muda mrefu, yamezidi, na hiyo ndiyo injini ambayo ukiisimamisha kwa muda halafu ukaikaba kasi, hutoa wingu la moshi na kufa. Iliyo na mafuta machache nayo hufa ukiikaba kasi, lakini hufa kimya, bila moshi, kama taa iliyozimwa. Tofauti hiyo ya moshi itamwokoa fundi katika kubahatisha kwingi. Skrubu ya silensa ndiyo iliyofuata mwisho, maana ukiigusa mapema itakuficha makosa ya sindano.

Tulipomaliza, sindano kubwa ilikuwa imekazwa nafasi za saa nne kutoka kwenye hesabu ya kijitabu. Nguvu haikurudi yote, na haiwezi kurudi yote. Hewa iliyopungua ni nguvu iliyopungua. Wenye uzoefu wa milimani hufidia kwa njia mbili. Huongeza asilimia ya nitromethani, kwa sababu nitromethani imebeba oksijeni ndani yake na haitegemei hewa peke yake, au huondoa washa moja nyembamba chini ya kichwa cha injini ili mbano uzidi. Sajini hakuwa na haja ya lolote kati ya hayo. Tulimsisitizia jambo jingine: rekebisho la adhuhuri si rekebisho la alfajiri. Hewa ya asubuhi ya Muyinga ni baridi, kwa hiyo ni nzito. Injini iliyopimwa saa saba mchana itakosa mafuta saa moja asubuhi. Ailegeze sindano nafasi moja kwanza, kisha asikilize.

LINALOWAHUSU POLISI

Lori lile lilikuwa na uzito wa kilo nne hivi, na malori ya aina hiyo huweza kufika kilomita 60 kwa saa. Likimgonga mtoto, litamvunja mguu. Ndiyo sababu ya ule mstari uani. Redio ya mkononi huwashwa kwanza, kisha ile iliyomo garini. Wakati wa kuzima hufuatwa kinyume chake. Kabla ya injini kuwaka, magurudumu na mlango wa hewa hujaribiwa kwa redio kutoka mbali. Betri dhaifu ya redio huzaa lori lisilo na dereva.

Kuhusu mafuta yenyewe, methanoli ni sumu. Huingia mwilini hata kupitia ngozini, na anayeinywa hupofuka au hufa. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya watu wengi walipoteza maisha kwa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli. Chupa ya mafuta ya nitro isiyo na maandishi ni hatari ndani ya nyumba. Moto wa methanoli nao karibu hauonekani juani, hivyo mtu huweza kuungua pasipo kuona ulimi wa moto. Na afisa wa polisi atakayekuta kopo la namna hii mpakani asishangae kusikia kwamba katika Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2021, raia hauziwi bila kibali mchanganyiko wenye nitromethani inayopita asilimia 16, kwa kuwa wahalifu wamewahi kuitumia kutengeneza mabomu. Mwenye lori la kuchezea hana hatia kwa hilo, lakini inafaa awe na karatasi za ununuzi, na aeleze kwa upole anapoulizwa.

KUILAZA INJINI

Jua lilipoanza kuteremka, lori lilikuwa limemaliza matangi matatu. Fundi wa pikipiki alilikimbiza mara ya mwisho kutoka lango la ua hadi kwenye mti wa mparachichi na kurudi, akicheka peke yake.

Kazi ya mwisho mara nyingi husahauliwa, na kwa sababu hiyo injini nyingi huamka zikiwa na kutu. Methanoli huvuta unyevu wa hewa, na mabaki ya nitromethani huacha asidi inayokula beringi. Kwa hiyo tangi lilimwagwa mpaka tone la mwisho, injini ikawashwa tena mpaka ikaunguza yaliyobaki kwenye mipira na kuzima yenyewe. Plagi ikafunguliwa, matone machache ya oili nyepesi yakatiwa kupitia tundu lake na mengine kupitia kabureta, kamba ikavutwa polepole mara kumi ili oili isambae. Plagi ikarudishwa, na gurudumu zito la injini likazungushwa kwa mkono hadi pistoni ikakaa chini, mahali ambapo silinda haiibani inapopoa.

Kijana aliandika katika daftari lake nafasi ya kila sindano, pamoja na tarehe, saa na hali ya hewa. Kopo likafungwa kwa nguvu na kupelekwa stoo, mbali na jiko, likiwa limebaki na mafuta ya matangi tisa.